Ngata ya Karani

Kitendawili. Nina meza ya miguu minne. Nikiweka mzigo katikati, meza inaumia. Nikiugawa mzigo pande mbili, meza inatembea.

Umepata? Kama hujapata, usinipe mji bado. Baki na mji wako. Mimi mwenyewe nilikaa na kitendawili hiki nyumbani kwangu miezi miwili. Nilikilisha majani, nilikinywesha maji, na jibu lake sikulijua.

Naitwa Mackrine. Majirani huniita Mama Kemigisha. Mume wangu ni Elpidius. Tunaishi Nyakakika, juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Mzee wangu ameongoza nyimbo kigangoni, kanisa letu dogo, miaka thelathini. Akianza yeye, wengine wote wanapata pa kushika.

Mwaka juzi mzee alianguka kutoka kwenye mfenesi. Mguu wa kulia ulivunjika, ukaungwa, lakini haukurudi kuwa mguu. Kigango kiko ng'ambo ya bonde. Mvua ikinyesha, njia yetu inakuwa sabuni, na bodaboda hawapandi. Mzee alikaa barazani Jumapili nyingi akisikiliza nyimbo kwa mbali. Alikuwa anasema, "Wanaanza juu mno. Watakwama."

Ndipo mwanetu Winston akamleta punda kutoka Biharamulo. Punda kwetu ni wachache. Watu walikuja kumtazama kama bwana harusi. Tulimwita Karani, kwa sababu anatikisa kichwa kama mtu anayekubali barua. Fundi seremala wa Bugene akatengeneza tandiko la mbao, tukaweka gunia chini yake, na mzee akaanza kwenda tena kanisani. Sasa alikuwa na miguu minne.

Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Gunia likachakaa. Asubuhi moja nilimwekea Karani tandiko, akalaza masikio nyuma. Nilipofunga mkanda wa tumboni, akageuza kichwa akaniuma kanga.

"Leo ana nini huyu?" mzee akauliza.

"Labda mbao zinamuuma," nikasema. "Ngoja nimwekee ngata."

Mimi nimebeba maji kichwani tangu nikiwa mdogo. Ndoo ikiuma, unaweka ngata. Unachukua majani makavu ya mgomba, unayasokota, unayazungusha, unapata duara nzuri ya kuweka utosini. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha, na mama yake alimfundisha hivyo hivyo. Nikamsokotea Karani ngata nzuri, kubwa, ngumu. Nikaiweka katikati ya mgongo, chini ya tandiko. Mzee akapanda.

Karani alitembea hatua fupi fupi. Alipofika kwenye mteremko alisimama, akakataa kushuka. Mzee alimbembeleza, akamtukana, akamwimbia. Walifika misa ikiwa katikati.

Wiki iliyofuata nilimpiga brashi. Nikaona kitu mgongoni kwake, mkono ukasimama. Kulikuwa na alama. Manyoya yalikuwa yamelala na ngozi imevimba kidogo. Alama yenyewe ilikuwa duara. Duara kamili, kama mtu amekaa akaichora.

Nilimwita wifi yangu Sperancia, dada yake mzee. Yeye anakaa nyumba ya nyuma, na hakuna jambo la mlima huu asilolijua. Aliitazama alama, akafunga kanga vizuri.

"Wifi, mnyama hajichori duara mwenyewe," akasema.

"Sasa nani kaichora?"

"Mimi sijasema nani. Nimesema hajichori."

Siku hiyo hiyo nilitafuta ile ngata. Nilikuwa nimeiacha juu ya tandiko, kwenye kibanda cha Karani. Haikuwepo. Nilitafuta chini ya majani, nikatafuta jikoni. Haikuwepo.

Nikasokota nyingine, nene zaidi, maana Karani alionekana kuumia zaidi. Baada ya siku tano ikapotea. Nikasokota ya tatu, nene kuliko zote. Nayo ikapotea.

"Mwizi gani anaiba majani makavu, na migomba imejaa kila mahali?" nikamuuliza wifi.

Sperancia alisogea karibu. "Ngata ile ina manyoya ya punda. Ina jasho la kaka yangu. Mtu anayeitaka haitaki kubebea maji."

Basi ndugu yangu, maneno yale yaliingia ndani yangu yakakaa kama mgeni asiyeaga. Nikaanza kutazama watu. Nani anapita kwenye kibanda? Nani anatazama sana mgongo wa Karani?

Alikuwa mmoja. Dastan.

Dastan ni jirani yetu wa upande wa chini. Kati ya shamba lake na letu kuna milamula, ile miti ya mpaka. Mwaka jana mlamula mmoja ulikauka, Dastan akapanda mwingine. Mzee akasema ameusogeza hatua mbili. Dastan akasema hajausogeza hata kidole. Wazee wa kitongoji walikuja, wakapima, wakasema mti uko mahali pake. Mzee hakukubali. Mbele ya watu wote akamwambia, "Dastan, kuanzia leo usinisemeshe. Hata nikifa, usije kunisemesha."

Dastan akalishika neno lile. Akikutana na mzee njiani anavua kofia, anapita. Salamu ya mkono hakuna, shikamoo hakuna. Kofia tu.

Sasa nilimwona mara mbili amesimama kwenye mpaka, anamtazama Karani. Hatazami migomba yetu wala nyumba. Anatazama mgongo wa punda. Nilimwambia mzee.

Mzee alimngojea njiani asubuhi, ameegemea fimbo. Mimi nilikuwa nyuma yake na jembe langu.

"Dastan," akasema, "ngata zangu umezipeleka wapi?"

Dastan alivua kofia. Alimtazama mzee. Kisha akamtazama Karani, aliyekuwa nyuma yetu akila majani. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikajifunga. Akavaa kofia akaenda zake.

"Umeona?" mzee akaniambia. "Asiye na kosa angejibu."

Tangu siku ile nilikuwa mtu mwingine, na nasema hili kwa aibu. Ainembabazi, mke wa Dastan, alituletea maharage mabichi, kama afanyavyo kila msimu. Nilimshukuru kwa mdomo. Alipopotea kwenye migomba, nikayamwaga shimoni, maganda na yote. Akija kuomba moto nasema umezimika, na moshi unatoka jikoni. Niliacha kuanika nguo upande wa chini. Hata kuku wake wakivuka mpaka, niliwatazama wana nini miguuni.

Na Karani? Karani alizidi kuwa mbaya. Ukimkaribia na tandiko, anatupa mkia na kurusha teke.

Jumapili ya mwisho wa mwezi mzee alilazimisha kwenda. Nilikuwa nimesokota ngata ya nne, kubwa kama kiti. Mzee alijivuta juu kutoka chini, akavuta tandiko kwa mikono miwili kama kawaida yake. Upande mmoja nikafunga mkungu wa ndizi wa sadaka. Hawakufika kwenye mteremko. Karani alizamisha mgongo, akaurusha juu, na mzee akaruka akaingia kwenye mibuni.

Tulimtoa na majani ya kahawa masikioni. Hakuvunjika. Lakini nilimwona uso, na uso ule sikuupenda. Ulikuwa uso wa mtu anayerudi barazani kwake kwa mara ya mwisho.

"Jumamosi anakuja mnunuzi," akasema jioni. "Atamchukua. Na Jumatatu nitamshtaki Dastan kwa mwenyekiti. Amemharibu punda wangu ili nikae nyumbani nioze."

"Kanisani utaendaje?" nikauliza.

"Sitakwenda."

Siku ya Alhamisi nilikuwa namenya ndizi. Akaja afisa mifugo wa kata, Evaresta, mwenyeji wa Muleba. Ni mwanamke, lakini sisi sote tunamwita bwana mifugo na ameshazoea. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akichanja kuku kwa ajili ya kideri.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana mifugo," tukajibu.

Alichanja kuku wetu tisa, dawa tone moja jichoni kwa kila mmoja. Alipomaliza, akafunga kikasha chake. "Nimesikia punda wenu anaumwa mgongo."

Mzee aliinua fimbo kidogo kutoka chini. "Nani kakwambia?"

"Mwenye macho."

"Mwenye macho ana jina."

"Analo," Evaresta akasema. "Lakini mgonjwa wangu ni punda. Nimwone?"

Mzee alisita. Sperancia alikuwa ameshatoka nyumba ya nyuma, na kanga ameifunga vizuri. Nikatangulia kwenda kwenye kibanda.

Evaresta hakwenda moja kwa moja mgongoni. Alimsalimu Karani kwa sauti ya chini, akamkuna shingo. Akatazama miguu, akainua kwato moja moja, akatazama meno. Kisha akaweka vidole vitatu karibu na bega, pembeni ya uti wa mgongo. Akabonyeza taratibu, akashuka hivyo hadi kiunoni. Upande wa kushoto, kisha wa kulia.

"Tazameni masikio yake, msitazame mkono wangu," akasema.

Mbele masikio yalitulia. Vidole vilipofika kwenye alama, yakalala nyuma. Ngozi ikatetemeka, na Karani akazamisha mgongo kama anataka kuingia ardhini.

"Hapo. Anawaambia. Amewaambia kwa muda gani?"

"Miezi miwili," nikasema.

"Aliwaambia vipi?"

Nikaanza kumweleza. Aliniuma kanga. Alikataa mteremko. Alipiga hatua fupi. Alitupa mkia. Na kadiri nilivyosema, niliona mwenyewe kuwa yale hayakuwa ukorofi. Yalikuwa maneno.

"Sisi tulidhani amerogwa," Sperancia akasema. "Au kawa mkaidi."

"Punda mtulivu akibadilika ghafla, kwanza mtafute maumivu," Evaresta akasema. "Mgongo, kwato, meno. Hii alama ya duara mnaijua?"

Mzee akatazama upande wa chini, kwenye milamula.

"Tunaijua," akasema. "Imechorwa na mtu."

"Kweli imechorwa na mtu. Niletee tandiko na kila kinachokaa chini yake."

Nikaleta tandiko, na ile ngata ya nne. Evaresta aliibonyeza ngata kwa ngumi. Haikubonyea. Akaichukua kwa mikono miwili, akaishusha pole pole juu ya mgongo wa Karani, bila kumgusa sana. Ikakaa juu ya alama. Duara juu ya duara. Haikuzidi, haikupungua.

Niliketi chini pale pale kwenye majani.

"Mama, nani anasokota ngata hizi?"

"Mimi."

Hakunicheka. Alichuchumaa mbele yangu. "Umezisokota vizuri sana. Kwa kichwa. Weka mkono utosini kwako. Unagusa nini?"

"Mfupa."

"Mgumu, wa duara, na chini yake kuna shingo imesimama wima. Ngata inakaa. Sasa pitisha mkono mgongoni kwako, katikati kabisa. Unagusa nini?"

"Vifupa. Vimepangana."

"Na pembeni yake?"

"Nyama."

"Karani naye ni hivyo hivyo. Ile safu ya katikati haibebi mzigo. Inayobeba ni nyama ya huku na nyama ya huku. Wewe ulichukua uzito wote wa mzee, ukauweka juu ya vifupa. Alipolia, ukaongeza ngata."

Hapo msomaji wangu, kitendawili kilifunguka. Meza ni punda, na katikati yake ni uti wa mgongo. Mji baki nao wewe, maana mimi nilishindwa kabla yako.

"Lakini ngata zilikuwa zinaibwa," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hilo silijui. Najua kwamba zingekaa zote, angeumia zaidi."

Evaresta alimchoma Karani sindano ya kutuliza maumivu. Palipochubuka akatuonyesha namna ya kupaosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakaachwa yapoe.

"Msipake oili chafu. Msipake majivu. Msimwagie maji ya betri," akasema.

"Jirani wa kule juu alimpakia ng'ombe wake oili," wifi akasema.

"Na ng'ombe alifanyaje?"

Wifi akakohoa. "Ngozi ilimbambuka."

"Basi. Na hapandwi mpaka mimi niseme. Hata kidogo, hata kwa jirani. Mwacheni atembee, ale, anywe maji safi. Anaweza kuchukua wiki nne au zaidi. Nitarudi kumwona."

"Jumamosi anauzwa," mzee akasema.

Evaresta alimtazama. "Mzee, ukimuuza na maumivu haya, atampiga teke mwingine, na huko watampiga fimbo. Ukimtunza, utakuwa kanisani. Chagua wewe, mimi ni wa kuchanja kuku tu."

Jumamosi mnunuzi alipokuja, mzee alimkaribisha kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akamwuliza habari za safari, akamsindikiza hadi njiani. Karani alibaki kwenye kibanda.

Kila asubuhi nilibonyeza kwa vidole vitatu na kutazama masikio. Wiki ya kwanza yalilala. Ya pili yalilala nusu. Ya tano nilibonyeza hadi kiunoni, na Karani akaendelea kutafuna.

Evaresta alikuja, akabonyeza mwenyewe, akakubali. Tulikuwa tumeshashona kama alivyotuelekeza. Nilikata blanketi la zamani, nikashona mito miwili mirefu kama mikono ya shati. Nikaijaza nyasi laini kavu, zile za kutandika sakafuni sikukuu, bila fundo hata moja. Mto mmoja unakaa kulia kwa uti wa mgongo, mwingine kushoto, na katikati kuna bonde.

"Chungulia kutoka nyuma," Evaresta akaniambia. "Unaona nini?"

"Naona mwanga upande wa pili."

"Basi. Siku usipouona mwanga, usimpandishe mtu. Tandiko likae nyuma ya mabega, lisiyabane. Mkanda uwe mpana, si kamba. Ukilivua, tazama jasho. Likilowesha sawasawa, vizuri. Ukiona kipande kikavu katikati ya jasho, hapo panabanwa sana. Mito ianikwe juani."

Kisha akamgeukia mzee. "Na wewe, mzee wangu. Kwa sababu ya mguu unakaa upande wa kushoto."

"Nakaa ninapokaa."

"Kaa katikati. Na usijivute kutoka chini, unalipindisha tandiko lote. Tafuta jiwe, panda jiwe, kisha panda punda. Na mkungu wa sadaka abebe mtu mwingine. Karani atabeba mzee au ndizi. Kanisani wachague wanachotaka."

"Watachagua ndizi," Sperancia akasema.

Mzee alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mvua zianze.

Jumapili ile alipanda kutoka kwenye jiwe. Alipita njia ndefu, isiyo na mteremko mkali. Mkungu niliubeba mimi, kichwani, na ngata yangu chini yake, mahali pake halali. Tulipofika bondeni, Karani hakusimama. Kanisani mzee alianza wimbo, na watu wote wakapata pa kushika.

Tulipokuwa tunarudi, mzee alivuta kamba kwenye milamula. Dastan alikuwa anapalilia. Akatuona, akavua kofia.

"Dastan," mzee akasema, "leo nakusemesha mimi. Wewe ndiye uliyemwambia bwana mifugo."

Dastan aliegemea jembe. "Ndiyo, mzee. Ujana wangu nilichunga punda wa maji kule Arusha. Migongo yao naijua."

"Uliona. Ukaacha kuniambia."

"Ulisema nisikusemeshe. Mbele ya watu."

"Nilisema."

"Lakini hukukataza kumsemesha Karani," Dastan akasema. "Mkienda shambani nilikuwa naingia kwenye kibanda, namwondolea ngata. Kesho yake Mama Kemigisha kamwekea nyingine, nene zaidi. Nikasema hapa nitashindwa na mwanamke huyu."

Nilitazama chini. Nilikuwa nafikiria yale maharage ya Ainembabazi, yanavyolala shimoni. Nikajiambia nitamwendea leo hii, kabla hajaja kuomba moto tena.

Mzee akauliza lile swali lake la zamani, pole pole, kama mtu anayeomba.

"Sasa, Dastan, ngata zangu ulizipeleka wapi?"

Dastan akavaa kofia yake.

"Ziko kwenye banda la kuku, mzee. Zote tatu. Kuku mweusi amezilalia, ana mayai kumi na moja. Ukitaka kuziona njoo, lakini usimguse leo. Keshokutwa anatotoa."